Mafuta ya Ng'ombe Ulimini mwa Baba

Baba yangu alianza kuvuta sigara kabla sijazaliwa, na hukamua ng'ombe wake huko Mweiga kwa usafi wa kukera. Chuchu huoshwa kwa maji moto, mtungi wa maziwa husuguliwa mpaka ung'ae. Na meno yake? Hayo aliyaacha yajitunze.

Basi alipopata kidonda pembeni mwa ulimi, alikipaka mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe. Mwezi mzima! Nilipogundua nilimfokea, kisha nikampeleka Nyeri kwa daktari wa meno. Niliogopa saratani, wala sikuweza kulitamka neno lenyewe.

Daktari, dada mmoja mcheshi, alimulika kinywani akauliza ni nini hicho kinachong'aa.

"Ni dawa ya ng'ombe," Baba akajibu bila haya. "Ng'ombe zangu zote ziko na chuchu mzuri sana."

Daktari alicheka mpaka akaweka tochi chini. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mzee, ukiweka maziwa kwa mtungi chafu, inakuwaje?"

"Inaharibika. Inarudishwa nyumbani."

"Sasa mdomo yako ndio hiyo mtungi. Sigara inaumiza nyama ya ndani, na inafanya vijidudu vibaya vizidi. Vikizidi, fizi inakaa imevimba kila siku. Hapo saratani inaweza kupata njia. Lakini adui mkubwa ni sigara."

Alikata kipande kidogo cha kidonda kikapimwe. Siku zote za kungoja, Baba hakuwasha hata sigara moja, na mswaki wake ukaanikwa pamoja na mitungi. Alipiga mswaki kila alipomaliza kukamua, huku akilalamika kwamba povu linamharibia ladha ya chai.

Tukarudi Nyeri kuchukua majibu: si saratani, ila awe akirudi kukaguliwa. Nilipiga kigelegele, mwanamume mzima, watu kwenye foleni wakageuka.

Tulipofika nyumbani, Baba alichukua tochi ya zizini.

"Sasa wewe. Fungua mdomo."

Nina miaka arobaini na moja. Kwa miaka ishirini nimekuwa nikitafuna peremende kuficha harufu kabla ya kufika getini kwake, nikijiona mjanja.

"Ati ulifikiria sijui?" akasema.

Nikafungua. Alinishika kidevu, akamulika polepole, shavu hadi shavu. Nilitoa pakiti ya sigara mfukoni nikampa.