Karatasi Iliyorudishwa Katikati

Pale mtaani Makomeno, kwenye duka la fotokopi, tulikuwa tunangojea umeme urudi, tupige fotokopi. Mbele yangu wanafunzi wawili wa udaktari walikuwa wamekusanya tafiti za watu juu ya vumbi la migodi na mapafu ya watoto. Kijana akavuta karatasi moja pembeni.

— Docta, hii tuitoshe, isiingie. Inasema vumbi haina shida. Itatubomolea kazi.

Mwenzake msichana akairudisha katikati kwa kidole.

— Mbele ya kuanza kusoma tulishaandika sheria: kila recherche yenye kupima mapafu ya batoto inaingia. Hii ilipima.

— Na kama inatushinda?

— Tutaandika vile: ilitushinda.

Mjini humu nimezoea mikutano ambamo jibu hufika kabla ya swali na kukalia kiti cha mbele. Umeme uliporudi, kijana mwenyewe akaiweka karatasi ile kwenye mashine, ya kwanza.