Mguu wa Kamate

Sisi wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zisizo na pedali, tuna ugonjwa wetu, goti. Ukishuka na viazi kutoka Kibumba, unapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unakanyaga barabara. Kwa hiyo mguu wa kushoto wa Kamate, jirani yangu wa mtaa wa Katoyi, ulipovimba, sote tulijua sababu. Mwenzetu Télesphore alimfunga kigimbi kwa mpira wa baiskeli, akawa anakikanda.

"Muzee, umepiga magoti kuliko padri, na parokia hauna," alimtania.

Uvimbe ulizidi. Asubuhi moja Eugénie, mke wa Kamate, alitukuta tukikanda. Alikata ule mpira kwa kisu.

"Mutaniulia bwana," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Waambie."

Kamate alitazama chini, akatueleza. Alikuwa akinywa dawa za UKIMWI miaka mingi. Volkano ilipolipuka 2021 walikimbilia Sake, dawa zikabaki nyumbani. Waliporudi alijiona ana nguvu, akaziacha kabisa.

Tulimlaza juu ya chukudu yake mwenyewe, tukamsukuma mpaka kituo cha afya. Daktari, mama mmoja mpole, aliugusa mguu kidogo tu.

"Virusi vinaingia ndani ya askari wa damu," alieleza. "Askari mmoja akishaingiliwa, wote wanachafuka. Wanaacha kulinda, wanaumiza kuta za mishipa, na damu inaganda pale, kama ndani ya huu mguu. Kipande cha damu hiyo kikipanda mpaka kwenye mapafu, mutu anakufa. Na nyinyi mulikuwa munakanda."

Télesphore alificha mikono mfukoni.

"Askari anaacha kulinda, anabomolea raia nyumba," Kamate alisema. "Hao, dokta, tunawajua."

Daktari alicheka. Kamate hakucheka. "Mutaukata?"

"Bado sijui. Kunywa hizi za kuzuia damu isigande, na zile uliziacha. Zote."

Alizinywa, Eugénie akisimama mbele yake na kikombe mpaka ameze. Uvimbe ulipungua polepole, na mguu haukukatwa. Siku hizi yeye mwenyewe huwauliza wenzetu kama wamepima.

Mwaka uliofuata, kabla waasi hawajafunga barabara ya Kibumba, alirudi kazini na mzigo mdogo wa kabichi. Alipiga goti la kulia, ambalo hakulizoea, chukudu ikayumba huku na huku.

"Musogee, mutoto anajifunza," Télesphore alipaza sauti.

Kamate alipita katikati yetu bila kushika breki, akatutangulia mjini.