Asidi Katika Tarumbeta ya Baba

Juzi, sokoni Fungurume, nilimkuta muuzaji akisafisha tarumbeta kuukuu kwa asidi ya mgodini. Nilimfokea hadi watu wakatuzunguka. Hakunielewa, wala simlaumu. Wewe nisikilize.

Kwetu Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya shaba, kila Jumamosi mchana baba alitandika kipande cha blanketi mezani na kuifungua tarumbeta ya fanfare, bendi ya kampuni. Ndani alipitisha maji ya uvuguvugu na sabuni. Nje alisugua kwa limau na majivu laini ya jikoni, akasuuza upesi. Pistoni, zile zinazobonyezwa kwa vidole, alizipaka mafuta ya taa yenye tone la mafuta ya cherehani ya mama. Mawese hakuyataka kabisa. "Hayo ni ya sombe," alisema. "Yataganda, tarumbeta itakohoa." Nyumba nzima ilinukia limau na sombe, majani ya muhogo, ikichemka.

Vyote hivyo tulivitafuta wenyewe. Mashine za kampuni zilimiminiwa mafuta kwa mapipa, fanfare haikupewa hata tone. Na kila Jumapili, kabla ya kupiga, mkuu wa bendi alikagua: chombo kisichong'aa, mwenyewe anafukuzwa.

Wiki moja malimau yaliadimika, na Jumapili hiyo wakubwa wa kampuni walikuwa wanakuja. Jirani yetu alifanya kazi kiwandani, kule mawe ya shaba yanakoyeyushwa. Akaleta chupa ya asidi.

"Tata, hii inakulaka majiwe. Uchafu utaishinda?"

"Na tarumbeta, haitaikula?" mama aliuliza.

"Mama, bakia na sombe yako. Tutatia mayi kidogo."

Jirani akacheka. Baba hakucheka, lakini aliogopa kufukuzwa, akakubali. Waliiloweka usiku kucha.

Asubuhi ilitoka na madoa mekundu kama kidonda kilichobanduliwa, pistoni zimegoma. Baba aliibeba hivyo hivyo. Mkuu wa bendi aliigeuza mara moja tu.

"Umebomoa kitu ya kampuni. Leta kepi."

Kwa asidi ya kampuni hiyo hiyo! Baba akavua kofia ya bendi mbele ya wote. "Ndiyo, shefu," akasema.

Fanfare ilikufa, kuta za Kapata zimepasuka, na mimi nimezurura kutoka Tenke hadi huku Fungurume nikichimba mashimo ya wengine. Wazee bado wanasema kampuni ilikuwa baba na mama yetu. Mimi baba nilikuwa naye. Tangu Jumapili ile sikumsikia akipiga hata mluzi.