Raba ya Upande wa Kushoto

Usiniambie nilikuwa nimechoka. Kila ninayemsimulia huanza na hilo: dereva, ulichoka, mvua ilikuchanganya. Sikuchoka. Nilikuwa nimelala usingizi wangu wote, pombe sinywi, na ilikuwa saa kumi na moja jioni, watu hawajarudisha hata mbuzi. Nilichokiona kwenye kona ile ya kutoka Nyakitonto nilikiona kwa macho haya mawili, na mama yangu alikisikia.

Naendesha Landkruza ya ushirika wetu wa wakulima wa maharage, ile ya zamani yenye bomba la hewa pembeni, tunaiita mkonga. Gari ina nguvu, haijawahi kunilaza porini. Ila mimi nilikuwa na tabia moja, na madereva wenzangu wa huku mnisikilize, maana najua mnayo. Raba ya waipa ya upande wangu ikiisha, sinunui nyingine. Nachomoa ya kushoto, upande wa abiria, naipachika kulia. Ule mkono wa kushoto naufunga kitambaa usikwaruze kioo, safari inaendelea. Kwani abiria anaendesha? Ndivyo tulivyokuwa tukiambiana, tena kwa kucheka.

Siku hiyo nilitoka Kibondo, nikapita nyumbani Nyakitonto kusalimia. Nikamkuta dada yangu Sabina ana uchungu tangu alfajiri na mtoto hashuki. Mtandao wa simu hakuna. Mume wake, Elia, alikuwa ametangulia na baiskeli kwenda Kasulu kutafuta gari, hakujua kwamba mimi nakuja. Sikuuliza mtu. Tukamlaza Sabina nyuma kwenye godoro, mama akakaa kichwani kwake, nikawasha. Nikaapa kwamba huyu leo anafika hospitali, hata kama ni kuibeba gari mgongoni.

Mvua ikatukuta njiani. Mvua ya huku milimani unaijua? Inamwagwa. Upande wangu waipa ilifuta vizuri, lakini kushoto kioo kilikuwa maji matupu, huoni hata mgomba. Sikujali. Nilitazama kulia kwangu, nikakanyaga.

Kwenye kona akasimama mzee katikati ya barabara. Koti refu, mguu mmoja una katambuga, zile sandali za tairi, mwingine mtupu. Nilikanyaga breki mpaka gari ikaserereka. Nikashusha kioo, nina hasira. "Mzee, toka njiani, nina mgonjwa!"

"Mwakeye," akasema.

Wewe usiyejua Kiha, nikwambie: mwakeye ni salamu ya asubuhi. Msalimie mtu hivyo jioni, atakuona umelewa. Nyuma kule mama akaitikia kwa mazoea, kisha nikamsikia anashangaa, "Jamani, mwakeye saa hizi? Ni nani huyo?"

"Mzee wangu, sasa ni jioni," nikamwambia.

Akapita mbele ya gari akiipapasa boneti, kama mtu aliyemwona ng'ombe wake aliyepotea. Akaenda kushoto, akauinua ule mkono niliofunga kitambaa, akakifungua. Kisha akatoa raba nyeusi ndani ya koti, mpya kabisa. "Weka," akasema.

Nikashuka mbio, nikaipokea. Na hapa naona aibu, lakini nitasema kweli: nilizunguka nayo kwenda kulia. Niliona ni nzuri kuliko yangu, basi nikaitaka upande wangu. Akanishika kifundo cha mkono. Niamini, mkono wake ulikuwa mkavu. Mvua yote ile, na yeye mkono mkavu, koti kavu, na baridi kama jembe la asubuhi.

"Weka kushoto," akasema. "Mimi napita kushoto."

Nikaweka kushoto. Niliipenyeza raba kwenye reli yake mpaka ikashika kwenye kikucha cha mwisho, nikaulaza mkono kwenye kioo. Nilipogeuka kushukuru, hakukuwa na mtu. Upande mmoja bonde, upande mwingine ukuta wa udongo. Angepita wapi?

Niliogopa, sikufichi. Lakini Sabina alilia tena, nikasema, mzimu au binadamu, mimi nina dada wa kumfikisha. Nikaondoa gari. Kioo kizima sasa kilikuwa kinaonyesha. Hata mita mia mbili sijamaliza, nikaona kushoto, ukingoni kabisa, mtu ameinama anasukuma baiskeli iliyokatika mnyororo. Nikakata usukani kwa nguvu zangu zote. Kioo cha pembeni kiligusa koti lake.

Alikuwa Elia.

Alipanda nyuma analia, baiskeli tukaiacha hapohapo. Mtoto alizaliwa hospitali kabla ya saa mbili usiku, wa kike, na mama yake akapona.

Asubuhi nikaenda kuiangalia gari. Kwenye mkono wa kushoto palikuwa na mkanda wa katambuga. Kipande cha tairi, kigumu, kina tundu la msumari. Kitu kile hakifuti kioo, kinakwangua! Na kioo hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nikampelekea fundi Hamisi wa gereji pale mjini, aliyeijua gari ile kabla ushirika haujainunua. Alikigeuza mkononi, akakaa chini. Akaniambia dereva wa kwanza wa mkonga ule alimgonga mzee kwenye kona hiyohiyo, asubuhi, mvua inanyesha. Mzee alikuwa akipita kushoto. Waipa ya kushoto haikuwa na raba, dereva alikuwa ameihamishia kulia. Walipomzika, sandali yake moja haikuonekana.

Tangu hapo nabadilisha raba zote mbili kabla mvua hazijaanza, na kila Jumamosi nazifuta kwa kitambaa cha maji, siyo mafuta ya taa, yanazilegeza. Nikipita kona ile asubuhi nasimama, natangulia mimi: mwakeye, mzee. Jioni sithubutu kusimama.

Wewe mwenye gari, kesho kabla hujawasha, zunguka ukauinue ule mkono wa upande wa abiria. Ukikuta umeufunga kitambaa, usiondoke. Mtoto wa Sabina amekua, siku hizi anatumwa dukani peke yake. Huwa anapita kushoto.