Mwaka wa Kumi na Nne wa Roswitha

Ilipoingia Oktoba, Roswitha Kühnast alianza kuliogopa sanduku la barua. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya juu katika jumba la opera la mji mdogo kando ya mto Saale, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na nne. Waimbaji wote waliijua desturi: aliyetimiza miaka kumi na mitano hafukuziki tena, ndiyo maana wakubwa huwatoa watu katika mwaka wa kumi na nne. Oktoba ikiisha bila barua ya kuachishwa kazi, umepona. Ikija, na umri wako ni miaka arobaini na miwili, nani atakuchukua?

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Jioni moja akimbembeleza mwanawe Wiebke, sauti ilimkatika huko juu, kama uzi. Mtoto akafumbua macho.

"Mama, mbona umeachia njiani?"

"Nimesahau maneno."

Tangu hapo akawa anambembeleza kwa kunong'ona, madirisha yamefungwa, majirani wasije wakasikia.

Kazini akawa msomaji wa nyuso. Mkurugenzi akimsalimu, alijiuliza mbona kamsalimu upesi hivyo. Asipomsalimu, usingizi ulimpaa.

Tarehe kumi na mbili ilikuwa siku ya kwanza ya opera mpya. Ingeborg, mama mtu mzima aliyemvalisha miaka yote hiyo, alimfunga vifungo vya mgongoni, kisha akajifanya kumtemea mate bega la kushoto, tfu, tfu, tfu, ndivyo watu wa jukwaani wanavyotakiana heri. Anayetemewa hashukuru. Kushukuru ni kujiitia mkosi, na Roswitha alilijua hilo tangu utoto wake wa kazi. Lakini akili ilikuwa kwenye sanduku la barua.

"Asante, Inge."

Mikono ya Ingeborg ikasita. Hata utani wake wa kila siku juu ya kiuno cha Roswitha haukuja.

"Umesema nini, mwanangu?"

"Sijasema kitu."

"Basi nami sijasikia kitu. Haya, nenda."

Akaenda jukwaani. Noti ya juu ilikuja, ikakaa. Watu wakapiga makofi, naye akalia nyuma ya pazia akidhani amepona. Siku ya tatu akaitwa ofisini, na kabla mwezi haujaisha barua ikafika. Haikugusa sauti yake hata kidogo. Ilisema tu jumba linataka sura mpya. Alibaki kujiuliza ni mwaka, ni ule uzi, au ni lile neno moja.

Siku hizi anafundisha kuimba sebuleni kwake, na Wiebke ana miaka kumi. Wanafunzi husema Bi Kühnast huusikia woga kabla ya kosa. Bega likipanda kidogo tu, pumzi ikikwama kifuani, anaacha kupiga piano. Hakuna aliyemuuliza alijifunzia wapi.

Juzi mwanafunzi wake Annegret alikuwa akienda kujaribiwa kwenye jumba lile lile. Mlangoni Roswitha akamtemea mara tatu. Binti akafungua mdomo, macho yamejaa shukrani.

Roswitha akauziba kwa kiganja, kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na hakukiondoa mpaka binti alipoitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.