Mchele Uliokwisha Kuchaguliwa

Nilitoka Nakuru kwa garimoshi, nikalala Mombasa kwenye benchi la stesheni, nikavuka Likoni kwa feri, kisha nikakaa juu ya magunia ya chumvi ndani ya lori mpaka Msambweni. Nilikuwa nikiukimbia uhuru. Sikuuchukia, niliuogopa tu, na hata hofu yenyewe haikuwa yangu. Mwajiri wangu, mkulima wa Kizungu, aliamini kwamba bendera yao ikishushwa maduka yatafungwa, maji yatakatika na watu watatafunana. Alijaza stoo mikebe ya nyama, halafu akauza shamba akaenda zake Afrika Kusini. Aliniachia sanduku moja la mikebe, pamoja na hofu yake yote.

Msambweni nilikodi kibanda na kipande cha shamba kwa mjane mmoja, kungwi aliyewafunda mabinti kabla ya ndoa. Nikaanza kujitayarisha. Nilipanda muhogo, nikafuga kuku, nikaweka debe la mafuta ya taa. Nilitega mapipa chini ya paa la makuti, nikanywa maji yenye rangi ya chai kwa fahari kubwa, na kisima cha mtaa kiko pale pale nyuma ya nyumba. Juu ya yote niliweka magunia matatu ya mchele. Nilikuwa nimeapa kutomgongea mtu mlango, hata kwa chumvi. Huo ndio ulikuwa uhuru wangu, na wote ulikuwa ndani ya magunia yale.

Mjane aliyaona.

"Baba, harusi lini?"

"Hakuna harusi, mama. Ni akiba. Mambo yakiharibika, nitakuwa na chakula."

"Na sisi?"

Nikaanza kufunga mdomo wa gunia.

"Magunia matatu, tumbo moja," akasema. "Sema tu unaona haya."

Kwao, mchele mwingi namna ile ulikuwa wa harusi au wa matanga, nami sikuwa nimefiwa. Haukupita muda, mchumba akapatikana: mdogo wake mjane, aliyeachika mara mbili. Kwamba mimi si Mwislamu hakukumsumbua mtu.

"Mwenye mchele huu hashindwi na shahada," alisema mpishi wa pilau wa mtaa ule, akinitazama kama anayepima sufuria.

Siku moja nilirudi kutoka kukata kuni nikakuta mikeka imetandikwa uani, magunia yote yamefunguliwa, na wanawake wamekaa na nyungo wakichagua mchele. Kila jiwe lililotoka lilipigiwa kigelegele.

"Rudisheni guniani!"

Mjane akaweka ungo chini. "Mchele uliochaguliwa kwa vigelegele haurudi guniani, baba. Ukirudi, hufuata msiba. Unataka tumzike nani?"

"Mimi huyo bibi harusi simtaki!"

"Kwani yeye kakutaka?" ilijibu sauti kutoka mkeka wa nyuma. Alikuwa ndiye mwenyewe, na hakuinua hata macho. "Mwanamume anakunywa maji ya makuti na kisima anakiona! Lakini mchele nitaula."

Wakacheka mpaka kuku wangu wakakimbia.

Ikabaki kutafuta karamu ya kuupikia. Juma lile bendera mpya ilikuwa ikipandishwa, basi mpishi akaamua iwe pilau ya uhuru. Nilikaa kwenye sinia na watu wanne, nikala akiba yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa tamu, na hilo liliniudhi zaidi.

Uhuru ukaja. Mwenye duka alishusha picha moja akatundika nyingine, akaendelea kuuza sukari. Hakuna aliyetafunwa. Aliyeishiwa mchele alikuwa mmoja tu, mimi; muhogo wangu ulikuwa bado mchanga, mikebe nilikuwa nikiiwekea siku mbaya, na kila jioni mjane alinipelekea sahani iliyofunikwa kawa. Niliyeapa kutoomba nilikuwa sasa nasikiliza hatua zake tangu alasiri. Maisha hayo sikuyaweza.

Siku niliyoondoka kabisa nilitaka kumwachia mikebe. Akaugeuza mmoja, akautazama. "Ng'ombe huyu kachinjwa na nani?" Akanirudishia. Lori lilipounguruma, akanipa kifurushi cha muhogo wa kuchemsha.

"Chukua, baba, usije ukaomba njiani."

Ulikuwa muhogo wa shambani kwangu. Niliumaliza kabla hatujafika Likoni.