Homa Iliyokuja na Mgeni wa Heshima

Harufu ya majani ya mkaratusi yaliyochemshwa hunitia hasira. Wengine husema ni harufu ya nyumbani, ya mama na ya kifua kinachozibuka asubuhi ya baridi. Mimi hunikumbusha watu wazima waliojifunika mablanketi, vichwa vyao juu ya sufuria, jasho likiwatiririka, huku wakisema uongo kupitia mvuke. Ilikuwa Desemba moja ya miaka ya tisini, kwetu Endarasha, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Endarasha si mahali pa kubembelezwa na hewa. Milima ya Nyandarua iko mgongoni, Mlima Kenya uko mbele ng'ambo ya uwanda, na upepo unaoshuka huku hukutana na unaovuma kutoka kule katikati ya shamba lako la viazi. Mchana jua la Desemba hupasua midomo. Alfajiri nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda, na ukizikanyaga kwa miguu mitupu hulia kama chumvi ya mawe.

Mwaka huo mvua ilikuwa imetupenda na viazi vilikuwa vingi kuliko mikono ya kuvichimba. Ndiyo maana Akiru alikuwa kwetu. Alikuwa mwanamke Mturukana, kijana bado, aliyekuja kutoka upande wa Isiolo baada ya ukame kumaliza mbuzi wao. Baba alimpa nafasi katika ghala letu la zamani, akaishi humo na mwanawe Ewoi, ambaye alikuwa hajaanza kutembea. Akiru alichimba viazi tangu umande ukiwa mzito, mtoto mgongoni, na jioni alikuja jikoni kumsaidia mama kumenya. Alimenya haraka, ganda likitoka jembamba kama karatasi, huku akicheka vituko vyetu watoto. Mama alimpenda. Baba hakumpenda wala kumchukia. Kwake Akiru alikuwa kama jembe zuri, unalitafuta linapohitajika tu.

Mgeni wetu alikuwa kaka mkubwa wa baba. Alikuwa amekaa Uingereza miaka mingi, akasomea uchumi wa kilimo mpaka akapata shahada ya udaktari, na tangu siku hiyo Endarasha nzima ilimwita Daktari. Hakuna aliyejisumbua kuuliza ni daktari wa nini. Watu walimngoja kwa wiki kadhaa. Nyumba ilipakwa chokaa, mbuzi akanoneshwa, na sisi watoto tukahamishwa kutoka chumba chetu ili apate pa kulala. Bibi yangu, mama yake mzazi, ambaye tulimwita Cucu kama wanavyoitwa mabibi wote wa kwetu, alishonewa gauni jipya. Alikuwa mzee sana kufikia wakati huo, mwepesi kama bua la mahindi lililokauka, lakini akili yake ilikuwa kali. Alipenda kutusimulia kwamba alipokuwa msichana mdogo, wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wazungu walirudi na homa iliyozima mioto ya nyumba nzima nzima. Tulimsikiliza kama tulivyosikiliza hadithi za fisi. Hakuna mtu mzima aliyedhani masimulizi hayo yanamhusu.

Baba Mkubwa alishuka kwenye gari akiwa na koti refu jeusi, macho mekundu, na leso ikiwa tayari mkononi. Alikohoa kabla hajasalimia. Akakohoa tena, kikohozi kikavu kinachotoka chini kabisa, mpaka akashika mlango wa gari. Mama akamuuliza, kwa heshima yote, kama anaumwa.

"Ni baridi ya ndege tu," akasema, akicheka. "Nyinyi hamjazoea. Huko tunakotoka kila mtu anakohoa wakati huu."

Kila mtu anakohoa. Alilitamka jambo hilo kama mtu anayejisifu kwa mtaa anaoishi, na watu wakatikisa vichwa kwa kuvutiwa, kana kwamba kukohoa nako kulihitaji viza. Kisha msururu ukaanza. Alijipangusa pua kwa leso, akaihamishia mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia. Wazee wa kanisa waliushika kwa mikono miwili. Majirani waliwasukuma watoto wao mbele wakaguswe vichwa. Shangazi Wangeci, dada yao mdogo, mwalimu aliyekuwa ameolewa Kerugoya, alimkumbatia hata miwani yake ikapinda. Cucu aliuvuta uso wa mwanawe chini, akauweka shavuni kwake, na hakumwachia siku ile nzima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga walisema mengi. Katika boma lote ni mtu mmoja tu ambaye hakumpa mgeni mkono, kwa kuwa hakuna aliyemjulisha kwake: Akiru, aliyekuwa nyuma ya jiko akimenya viazi vya karamu.

Leo, nikiwa mtu mzima niliyesoma kidogo kuhusu maradhi haya, naweza kuueleza mpango mzima kwa maneno machache, na urahisi wake unanichukiza. Homa ile huitwa influenza. Virusi vyake hurushwa na kikohozi na chafya, hukaa kwenye viganja, na mtu huanza kuvigawa hata kabla mwili haujamwambia kwamba anaumwa. Kila mwaka hujibadilisha, ili mwili uliovijua mwaka jana usivitambue mwaka huu. Kaskazini ya dunia ikipata majira yake ya baridi, watu husongamana vyumbani na kuambukizana, halafu mmoja hupanda ndege. Zamani vilipanda meli na kuchukua miezi kufika. Siku hizi hula chakula cha jioni London na kunywa chai ya asubuhi Nairobi. Walio wengi huumwa wiki moja wakapona na kusahau. Vikongwe, watoto wachanga na wajawazito ndio hulipa, na wamelipa hivyo kila pembe ya dunia, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kuwasimamishia mnara.

Shangazi Wangeci alirudi Kerugoya kesho yake. Binamu yetu mmoja aliyekula karamu aliteremka Gakindu kwa wakwe zake, ambako kahawa ilikuwa bado inachumwa. Sisi wengine tulibaki, na kabla ya Krismasi baba alikuwa kitandani akilalamika kwamba mifupa yake inapasuliwa na shoka. Nikafuata mimi. Nakumbuka macho yaliyouma hata kuyageuza, ladha ya chuma mdomoni, blanketi lililokuwa zito kama mtu aliyenilalia. Mama alituchemshia mkaratusi, akatufunika, akatufunua, naye akikohoa. Siku ya Krismasi kanisa lilijaa hadi nje. Baba Mkubwa, aliyekwishapata nafuu, alisimama madhabahuni kutoa shukrani ndefu, na waumini waliimba wakikohoa kwa sauti zote nne. Baada ya hapo hapakuwa na nyumba pale kijijini isiyokuwa na sufuria ya mkaratusi jikoni.

Akiru ndiye aliyefua mashuka na leso za mgeni tangu alipofika. Aliugua baada ya Krismasi, nyuma yetu sote, na Ewoi akaugua pamoja naye. Lakini Cucu, aliyeugua kabla yao, alikuwa amezidiwa. Pumzi yake ilisikika kutoka uani, kama msumeno unaokata ubao mbichi. Mtu akizidiwa, watu hutafuta la kusema, na Endarasha hatujawahi kukosa wasemaji. Wanaume walikutana sebuleni kwetu: baba, Baba Mkubwa, mzee wa kanisa na majirani wawili, kila mmoja na leso yake. Mimi nilikuwa nimelala kwenye kochi, bado dhaifu, na hakuna aliyeona haja ya kuniondoa.

"Huu si ugonjwa wa hapa," mzee wa kanisa alianza.

"Ni kweli," Baba Mkubwa akasema. "Umeletwa."

Nilidhani anakwenda kukiri. Badala yake aliweka mguu mmoja juu ya mwingine na kutueleza kuhusu usafi, kuhusu watu wanaotoka nyika kavu na kulala na mifugo, kuhusu hatari ya kuweka wageni wasiojulikana karibu na chakula. Alitumia maneno marefu ya Kizungu, na kila neno refu lilimfanya mzee wa kanisa afumbe macho kwa kuridhika. "Na mama yetu anakula viazi vilivyoshikwa na mikono hiyo," akamalizia, kisha akakohoa ndani ya leso.

Nyani haoni kundule. Lakini nyani angalau hana shahada.

Baba alimwita Akiru uani mchana uleule. Alisimama mbali naye, koti likiwa limefunika pua, na alizungumza Kiswahili chetu cha bara, kile tunachotumia na watu wasiojua Kikuyu.

"Akiru, wewe utaenda leo. Wazee wamesema hii ugonjwa ni wewe ulileta."

Akiru alikuwa na homa. Niliona kupitia mlangoni jinsi alivyoegemea nguzo. "Mimi nilikuwa mzima, baba yao," alisema. "Nyinyi wote mkashikwa, mimi nikawapikia. Hii nimepata hapa."

"Ati hapa? Hapa tulikuwa tunakaa vizuri kabla ya nyinyi kukuja."

"Mtoto ako na joto. Acha apoe kwanza."

"Enda," baba akasema, bila kumtazama mtoto.

Mama alitoka jikoni na blanketi lake mwenyewe, lile la harusi, akamfunga Ewoi mgongoni kwa Akiru. Akiru akaondoka kwa njia ya Mweiga, akisimama kila baada ya muda kukohoa, na jirani aliyekuwa akipogoa ua wake alirudi nyuma hatua kadhaa ili asipumue hewa yake. Jirani huyo alikuwa amemkumbatia Baba Mkubwa mara mbili siku ya karamu.

Kuondoka kwa Akiru hakukumpunguzia Cucu chochote. Alipelekwa hospitali mjini Nyeri, wakasema homa ya mapafu imeingia juu ya ile ya kwanza, na akafariki kabla ya mwaka kwisha. Nilikuwa nimempenda kuliko mtu yeyote. Watu walipokuja kupanga mazishi, Shangazi Wangeci alifika kutoka Kerugoya akiwa amekonda na sauti imemkauka. Alisikiliza kisa cha Akiru kikisimuliwa upya, sasa kikiwa na mapambo ya uchawi kidogo. Akasimama katikati ya wanaume.

"Mimi nilitoka hapa kesho yake ya karamu," alisema. "Nilianguka Kerugoya siku mbili baadaye. Mume wangu akafuata, kisha darasa langu zima la masomo ya likizo. Gakindu nako wanaugua. Sasa niambieni, huyo mama amewahi kufika Kerugoya? Amewahi kukanyaga Gakindu?"

Aliwageukia mmoja mmoja.

"Nani alikuwa wa kwanza kukohoa katika boma hili? Semeni jina lake. Kikulacho ki nguoni mwako, nanyi mmekivalisha koti jeusi."

"Wangeci," Baba Mkubwa akasema polepole, kama anayemtuliza mtoto, "una uchungu wa mama. Sote tunao. Haya si mambo ya kuzungumza mbele ya watu."

Na mzee wa kanisa akamwomba shangazi aende aone kama chai iko tayari. Hivyo ndivyo mjadala ulivyoisha. Baba alitazama zulia. Nilimtazama yeye, mwanamume mkubwa wa mabega mapana, na kitu fulani nilichokuwa nacho juu yake tangu kuzaliwa kilitoka, na hakijarudi. Baba Mkubwa alisoma tanzia kwa Kizungu kizuri, akapanda ndege yake Januari akiwa na afya tele.

Viazi vilivyobaki vilioza ardhini kwa kukosa wa kuvichimba. Mwezi wa pili mama alisema anakwenda sokoni, akaenda kumtafuta Akiru. Alimpata Naro Moru, akiuza kuni kando ya barabara. Alikuwa amepona. Ewoi naye alikuwa hai, ingawa alikuwa amedhoofika na kikohozi kilimganda mpaka mvua za masika. Mama alimwomba msamaha na kumsihi arudi. Akiru alimpa kigogo akalie, wakakaa pamoja mchana mzima, lakini kurudi alikataa.

"Mama, wewe ni mtu mzuri," alimwambia. "Lakini kwenu watu wanakohoa halafu wanasema ni mimi. Siku nyingine watakufa, na watasema ni mimi."

Mama alitusimulia hayo wakati wa chakula cha jioni, kwa sauti, baba akiwa mezani. Baba aliomba chumvi.

Sasa mimi ni mama wa watoto wakubwa, naishi Nyeri mjini, na chanjo ya homa hii ipo kwa anayetaka kuitafuta. Tumepitia pia lile janga kubwa la juzi lililoifunga dunia nzima majumbani, tukajifunza kunawa mikono na kukohoa kwenye kiwiko, mambo ambayo mtoto wa chekechea huyaweza. Katika siku zile za kufungiwa, Baba Mkubwa alinipigia simu kutoka Uingereza. Amezeeka, na sauti yake ilitetemeka. Alisema amekaa nchi ile karibu nusu ya maisha yake, lakini asubuhi hiyo alipopanda basi, mwanamke aliyekuwa kiti cha pili aliinuka na kuhamia mbele. Mwingine alifungua dirisha huku akimtazama. Na jirani yake wa miaka mingi alikuwa ameuliza, akiwa ng'ambo ya ua, ni lini mara ya mwisho alipotembelewa na watu wa kwao.

"Wanadhani sisi ndio tunaoleta magonjwa," alisema, na nikasikia kwamba analia. "Mtu mzima kama mimi. Msomi. Wananiona kama uchafu. Unaweza kuwazia aibu hiyo?"

Nilimwambia naweza. Kisha nikamuuliza kama anamkumbuka Akiru.

Nilisikia televisheni yake ikisoma habari za ugonjwa.

"Akiru," alisema. "Ni mmoja wa wale wakwe wa Gakindu?"

Nikamshauri anywe vitu vya moto, avae barakoa kila atokapo, nikamtakia siku njema. Tangu hapo amepiga simu mara kadhaa. Huwa naiacha ilie.